Mwaka Mmoja wa Kuitazama Damu



Msimu uliopita, siku moja ya kupima karafuu, alitujia ofisini mzee mmoja wa upande wa kaskazini ya Pemba, mwanachama wa miaka mingi. Magunia yake yalikuwa yamekwisha pimwa na fedha yake amekwisha ipokea, lakini hakwenda zake. Alikaa juu ya benchi mpaka watu walipopungua, kisha akatoa barua mfukoni mwa kanzu yake akatukabidhi. Ilitoka kwa binti yake, aliyekuwa amemaliza miaka 3 ya masomo ya sayansi katika chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini. Aliiandika kwa mkono, maana baba yake hapendi kusomewa mambo ya nyumbani kutoka katika simu ya mtu.

"Nilidhani ada zimekwisha," akasema mzee. "Sasa ataka mwaka mmoja tena, mwaka wa kutazama damu. Nikamwuliza, ukimaliza utakuwa daktari? Kasema la. Utapata kazi? Kasema inshallah. Basi nyinyi wenye kusoma, nambieni, mimi nanunua nini?"

Fedha aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa na njia mbili tayari kabla ya barua hiyo kufika. Sakafu yake ya kuanikia imepasuka, na kila mwenye shamba ajua hasara ya karafuu zilizookotwa pamoja na mchanga. Tena mwanawe mdogo, kijana wa miaka 11, ana ugonjwa wa selimundu. Yakimshika maumivu usiku hutafutwa gari ya kumpeleka hospitali, na mara nyingine hutakiwa damu ya kuongezewa. Hapo mzee hawezi kusema ngojeni nichume.

Tuliona swali lake ni swali la haki, nasi hatukuwa na jibu. Basi tukamwandikia binti mwenyewe, tukauliza na wengine waliopata kupitia masomo ya namna hiyo, tukasoma tulivyoweza. Mzee ametupa ruhusa kuyachapa haya kwa sharti la kutotaja jina lake, kwani anasema wako wanachama wengine wenye watoto watakaowaletea barua kama ile.

Kwanza jina. Mwaka huo huitwa mwaka wa honazi. Usichanganye na ile shahada ya heshima anayovishwa mkubwa aliyealikwa kukata utepe. Katika nchi kama Afrika Kusini na Australia mwanafunzi husoma miaka 3 akapata shahada ya kwanza, na anaweza kuishia hapo. Akitaka kuingia katika utafiti huongeza mwaka mmoja, naye huchaguliwa kwa alama zake. Afrika Kusini kipimo chake ni pointi 120, kila pointi ikihesabiwa saa 10 za kazi, yaani saa 1,200 kwa mwaka. Na katika hizo pointi, zisizopungua 30 ni za utafiti wake mwenyewe na kuuandika. Zilizobaki ni madarasa, mitihani, na kusoma maandiko ya wataalamu na kuyatolea hoja mbele ya wenziwe. Huanza Februari hivi na kumalizika Novemba, kwa hiyo apataye homa ya wiki 3 ameshapoteza sehemu kubwa.

Faida yake ni kuwa ndio mlango wa shahada ya pili na ya tatu. Asiyeupita mwaka huu huko, hata akiwa na akili kama nini, ni shida kupokewa kwenye masomo ya juu ya utafiti. Aliyeupita na kuishia hapo huweza kutafuta kazi katika maabara, au katika miradi ya uchunguzi wa maradhi. Haumfanyi daktari, hapo binti alimjibu baba yake kweli tupu, nasi twamsifu kwa kutomdanganya.

Sasa kazi yenyewe. Binti alituandikia kurasa 6 juu ya hilo, na tungependa kuzichapa zote kama nafasi ingeruhusu. Anasema mtu asidhani atakwenda huko akagundue dawa. Mwanafunzi hupewa swali dogo, tena dogo sana, ndani ya swali kubwa la msimamizi wake. Huenda ikawa kupima kwa nini chembe nyekundu za damu za mgonjwa mmoja huvunjika upesi kuliko za mwingine, na wote wawili wana ugonjwa mmoja. Damu huja katika chupa ndogo zenye vifuniko vya zambarau, ndani mna dawa ya kuizuia isigande. Huzungushwa katika mashine mpaka chembe zikaketi chini na maji ya manjano yakaelea juu. Tone hupakazwa juu ya kioo, likatiwa rangi, likatazamwa katika hadubini. Hesabu huandikwa kitabuni siku hiyo hiyo, na kosa likitokea halifutwi bali hupigwa mstari mmoja ili lisomeke. Hilo la mstari mmoja limetupendeza, na makarani wetu wa mizani tumewaonyesha.

Miezi ya kwanza hupotea katika kungoja. Utafiti wowote wa damu ya watu hauanzi mpaka kamati ya maadili iridhie: nani atatolewa damu, kiasi gani, ameelezwa kwa lugha aijuayo, na jina lake litafichwa vipi. Kamati zikichelewa, mwanafunzi hukaa bure huku kalenda inakwenda. Ndiyo maana anayetaka mwaka huu huambiwa amwulize msimamizi mapema: je, ruhusa imekwisha tolewa? Je, sampuli ziko tayari katika barafu, au mpaka zikatafutwe? Swali hilo ni kama la mwenye shamba kumwuliza mnunuzi kama ana magunia kabla ya kuteremsha mzigo.

Basi twaweza kuulizwa, mwanafunzi wa mwaka mmoja atafaa nini katika jambo lililowashinda wakubwa? Tulipoitafuta historia ya elimu ya damu tuliona ajabu ya wanagenzi waliomo.

Desemba 1904, katika hospitali moja mjini Chicago, daktari mwanagenzi aitwaye Ernest Irons alitazama damu ya kijana mmoja mgonjwa akaona chembe nyekundu ndefu zilizopindika kama mundu. Alimwonyesha mkubwa wake, James Herrick, naye akaitangaza habari hiyo mwaka 1910. Ndiyo mara ya kwanza ugonjwa huu kuandikwa katika vitabu vya madaktari wa huko, ingawa huku Afrika wazazi walikuwa wakiuzika karne nyingi bila ya kuwa na hadubini. Mgonjwa alikuwa Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka Grenada, kisiwa cha wakulima wa viungo kama sisi, ila wao ni watu wa kungumanga. Alimaliza masomo, akarudi kwao akatibu meno, akafa mwaka 1916 kwa homa ya mapafu, umri wake miaka 32.

Mwaka ule ule wa 1916 ilitangazwa kazi ya Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Alikuwa akijilipia masomo kwa jasho lake, na alikuwa na mwaka mmoja tu wa kujijaribu katika utafiti. Profesa William Howell alimpa kazi ndogo: kuitengeneza na kuipima kwa usafi dawa inayoifanya damu igande. McLean akaendelea akajaribu pia vitu alivyovitoa katika ini la mbwa. Vilipokaa siku nyingi aliona vimegeuka. Badala ya kuigandisha damu viliizuia isigande. Profesa hakusadiki. Kwa simulizi yake mwenyewe McLean, alichukua damu ya paka akaitia katika bilauri pamoja na ile dawa, akaiweka mezani, akaomba aambiwe itakapoganda. Haikuganda. Howell na wenziwe waliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1918 jina la heparini likatolewa. Leo heparini hutumika katika hospitali za dunia nzima, katika upasuaji wa moyo na katika mashine za kusafisha damu ya wenye maradhi ya figo. Nani hasa apewe sifa walibishana miaka mingi, kwa kuwa dawa ya Howell haikuwa sawasawa na ile ya McLean, na ubishi huo hatutauingia.

Wa tatu atugusa zaidi. Anthony Allison alikulia Kenya, shambani kwa baba yake, akasoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg, kisha Oxford. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alifuatana na safari ya wanachuo wa Oxford kwenda Mlima Kenya. Wenziwe walikusanya mimea na wadudu, yeye akakusanya damu za watu. Akaona jambo: watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa na alama ya selimundu, watu wa milimani hawakufika hata mmoja katika 100. Pwani na ziwani ndiko kwenye mbu. Mwaka 1953 alirejea Afrika ya Mashariki akachunguza, na mwaka 1954 akatangaza kwamba mwenye kurithi alama hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria. Katika majaribio yake mjini Nairobi watu wazima 30 walikubali kutiwa vimelea vya malaria: 15 wasio na alama, wakashikwa 14; 15 wenye alama, wakashikwa 2 tu. Jaribio kama lile halingepita katika kamati ya maadili ya leo, na sisi twaona ni vizuri lisipite, lakini jibu lake limesimama.

Hapa yafaa tuueleze ugonjwa wenyewe, kwa kuwa ndio uliomtia binti huyu katika safari, na kwa kuwa katika nyumba zetu yasemwa mengi yasiyo kweli juu yake.

Ndani ya chembe nyekundu mna kitu kiitwacho himoglobini, ndicho kibebacho hewa kutoka mapafuni. Mtu hurithi maagizo ya kuitengeneza mara mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Katika selimundu herufi moja tu ya maagizo hayo imebadilika. Aliyerithi badiliko hilo kwa upande mmoja huishi kama watu wengine, na huenda asijue maisha yake yote. Aliyelirithi kwa pande zote mbili, himoglobini yake ikishaitoa hewa hujipanga kama nyuzi, na chembe ikawa ngumu, ikapindika. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi huishi kama siku 10 mpaka 20, kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa damu daima. Na zikijikusanya katika mishipa midogo huziba njia, ndiyo yale maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto.

Wazazi wawili wote wakiwa na alama, katika kila mimba kuna nafasi 1 katika 4 ya kuzaliwa mgonjwa. Twasema katika kila mimba. Wako wanaodhani kuwa akisha zaliwa mgonjwa mmoja watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo, kila mimba hesabu huanza upya. Na mtoto mgonjwa hawezi kutoka kwa mzazi mmoja mwenye alama na mwingine asiye na kitu. Tutalirudia jambo hili kabla hatujamaliza.

Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye wengi kabisa duniani. Muhimbili, Dar es Salaam, mpango mkubwa wa utafiti wa selimundu ulianzishwa mwaka 2004, naye Profesa Julie Makani ndiye aliyeuongoza. Vipo vidonge vya haidroksiyurea vinavyopunguza maumivu, vilivyokubaliwa Marekani kwa wagonjwa watu wazima mwaka 1998. Novemba 2023 Uingereza ilikubali matibabu ya kwanza ya kurekebisha maagizo yenyewe ndani ya chembe za uboho, na Marekani ikafuata Desemba. Bei yake huko Marekani ilitajwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tumemsomea mzee hesabu hiyo naye akacheka, kisha akanyamaza.

Lakini mtu asidhani elimu hii ni ya mbali. Wanachama wa Pemba wanaijua maabara ya Wawi, Chake Chake, iliyopewa jina la Ivo de Carneri na kufunguliwa mwaka 2000. Kisiwa hiki kimetajwa katika vitabu vya damu vya dunia nzima, na sababu yake ifaa wanachama waijue. Zamani wazee walisema mtoto aliyepauka na kuvimba ana safura, na katika miaka ya 1990 wataalamu waliochunguza watoto wa skuli wa Pemba walionyesha jinsi minyoo ya safura inavyowanyonya damu na kuwamaliza madini ya chuma. Basi ikaonekana jambo rahisi: wapeni watoto wadogo chuma. Ulifanywa uchunguzi mkubwa hapa Pemba, watoto zaidi ya 24,000 wa mwezi 1 mpaka miezi 35. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati. Watoto waliopewa chuma pamoja na asidi ya foliki walipatikana na vifo au kulazwa hospitali zaidi kwa 12 katika 100 kuliko wasiopewa. Habari ilichapwa mwaka 2006. Wakati ule malaria ilikuwa kali, na chuma kwa mtoto asiyekihitaji kilileta madhara. Waliokuwa wamepungukiwa kweli walifaidika. Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria kwa sababu ya watoto wa kisiwa hiki.

Tulipomweleza mzee hayo aliuliza, "Na hao waliohesabu walijuaje kusimama?" Tukamwambia walikuwepo watu ambao kazi yao ilikuwa kuhesabu tu, bila ya kupendelea dawa wala kuichukia. "Basi huyo mtoto anakwenda kujifunza kuhesabu," akasema. Tulimwona ameifahamu kazi ile kuliko sisi tuliosoma kurasa 6.

Kwa mzazi mwingine atakayefikiwa na jambo hili, machache ya matumizi. Wanafunzi wa nchi za SADC, nasi tumo, katika vyuo vingi vya Afrika Kusini hutozwa ada ya masomo kama wenyeji, lakini huongezwa tozo za wageni, na kibali cha kukaa hakitolewi bila ya bima ya matibabu ya kule. Hayo yaulizwe kwa maandishi. Misaada ya fedha ipo, ila mingi hufungwa miezi mingi kabla ya Februari, na mwombaji wa Desemba amechelewa. Wengi walituambia pia kwamba msimamizi ni bora kuliko jina la mradi: mwanafunzi awatafute waliomaliza kwake mwaka uliopita, awaulize kama alikuwa akiwasomea maandishi yao au akiwaacha mpaka wiki ya mwisho. Mmoja wao, ambaye chuo chake hatukitaji, alipoteza miezi 4 kwa kungoja mashine iliyoharibika, na hakuna aliyemwambia mapema abadili swali. Alimaliza kwa alama za chini na mlango wa shahada ya pili ukafungwa. Twasema hili wazi kwa kuwa mwaka huu mtu huweza kuufanya kwa bidii na bado ukamwendea kombo.

Sasa turudi kwenye barua, ambayo mzee alitupa lakini alikuwa hajaisoma mpaka mwisho, kwani macho yake hayaoni vizuri na msomaji wake alikuwa mjukuu. Katika ukurasa wa mwisho binti aliandika kwamba amejipima mwenyewe, naye ana alama ya selimundu kwa upande mmoja. Hana ugonjwa, lakini atakapoposwa, mposaji naye itabidi apimwe. Kisha akaandika: "Baba, nyumbani husemwa kuwa ugonjwa wa ndugu yangu umetoka kwa watu wa mama. Si hivyo. Kwa ugonjwa huu lazima pande zote mbili. Naomba mama asikie hili kutoka kinywani mwako, si kwangu."

Tulimsomea. Alikaa kimya kwa muda, akauliza kama tuna hakika. Tukamwambia ndiyo, katika hilo tuna hakika. Akasema miaka 11 ni mingi. Hatukujua la kumjibu. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa bahari naye alikuwa na karafuu za mwisho jamvini, akaondoka haraka hata akasahau kofia yake juu ya benchi.

Alirudi baada ya siku 9 kuichukua. Sakafu itangoja msimu mwingine. Atatandika majamvi juu ya nyufa kama alivyofanya baba yake. Binti ataanza Februari. Mzee na mkewe walikuwa wamekwenda pamoja kupimwa, ingawa walijua jibu, na karatasi mbili zilikuwa zimekunjwa pamoja katika mfuko ule ule wa kanzu.